Nyumba ya ufukweni wakati wa vuli: kwa wanaoshuka kutoka Dodoma

Oktoba na Novemba Dodoma bado ni vumbi na jua kali. Mvua yetu ya maana huja mwishoni mwa Novemba au Desemba. Bagamoyo na Pangani wakati huo wameshaanza kupata vuli. Wengi huponzwa hapo: wanafungasha wakitazama anga la Dodoma, wanafika pwani hawana hata mwavuli.

Hata hivyo tunaupenda msimu huu kuliko Desemba. Kati ya Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, na wiki ya Krismasi, bei ya kupanga nyumba inazungumzika. Upepo wa kusi umepungua, kaskazi haijashika, na mvua mara nyingi hupiga saa chache kisha jua likatoka. Lakini chagua siku zako kwa kutazama mwezi wa angani, na chagua nyumba kwa maji yake ya bomba. Mandhari baadaye.

Tuanze na mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kama tarehe 1 na 15 za kalenda ya Kiislamu, bahari iko kwenye bamvua, maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 3. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo, maji hujaa kwenye saa 4 asubuhi na jioni yamekupwa. Kwa hiyo familia inayotaka watoto waogelee jioni ifike siku ya mwezi mpevu na ikae siku tatu nne. Bagamoyo ufuko ni tambarare: ukikosea hesabu, utalipia nyumba ya baharini halafu jioni nzima utazame tope.

Maji yakipwa, watu hutembea mbali kwenye mafungu ya mchanga. Hatari ni kwamba maji yanaporudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, fungu ulilosimama likiwa bado kavu. Geuka mara tu maji yanapoanza kurudi. Aliyejifunzia kuogelea kwenye bwawa la hoteli asipite kiunoni, na asikaribie kabisa mlango wa mto wakati maji yanakupwa, kwa kuwa mkondo huvuta kuelekea bahari kuu.

Sasa nyumba. Kabla ya kutuma pesa, mwombe mtunza nyumba akupigie simu ya video akiwa amefungua koki ya jikoni na bomba la bafuni. Picha za tangazo huenda ni za miaka mitano iliyopita. Muulize tanki ni la lita ngapi, linajazwa na nini, na LUKU ni ya nani. Pampu ya kisima hutumia umeme. Uniti zikiisha usiku, asubuhi choo hakina maji. Andika namba ya mita kwenye simu yako ili ununue mwenyewe. Lipa sehemu tu, nyingine ukishaingia ndani.

Maji ya visima vya ufukweni mara nyingi yana chumvi na chokaa. Sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya ajabu, na maharage yanakataa kuiva, hivyo wapishi hulaumu gesi bure. Kwa watu sita nunua madumu mawili ya lita 20 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila siku kwa kunywa na kupikia. Ya kisima yabaki ya kuogea na kufulia.

Saa ya kwanza ndani ya nyumba isiwe ya kukimbilia baharini. Kama paa ni la makuti, simama chini yake mchana utazame juu: kila tundu linalopitisha mwanga litapitisha mvua, basi sogeza vitanda mapema. Magodoro yanusiwe. Yenye harufu ya ukungu yatolewe juani kuanzia saa 4 hadi saa 9, yageuzwe mara moja. Jaribu kila swichi na soketi. Chumvi hula shaba, na soketi inayotoa cheche iachwe. Kufuli lililoshika kutu litiwe mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula hulainisha siku moja tu, kisha hunata na kukusanya mchanga.

Beba kutoka nyumbani mafuta ya alizeti, unga, vitunguu na karanga, kwa kuwa vyote tunavyo vizuri huku. Kiberiti na chumvi vikae kwenye kopo lenye kifuniko. Samaki usibebe, nunua mnadani asubuhi: macho maangavu, mashavu mekundu, nyama inarudi ukiibonyeza.

Wa gari wanaokwenda Bagamoyo wakunje Chalinze kwenda Msata, kisha Bagamoyo. Kupitia Kibaha na Dar es Salaam ni kujitafutia foleni.

Chandarua beba chako, na ukague matundu kabla ya jua kuzama, kwa kuwa vya nyumba za kupanga vina viraka. Malaria ya Dodoma ni ndogo ukilinganisha na Tanga na Pwani, na hilo hufanya watu wa huku waipuuze homa. Ikimpata yeyote kati ya wiki moja na mwezi mmoja baada ya kurudi, apime siku hiyohiyo, na aanze kwa kumwambia mhudumu kwamba alilala pwani. Asiposema, anaweza kutibiwa kitu kingine.