Jibu: Mtoto wa darasa la tano amenyamaza ghafla, nianzie wapi?

Mwalimu mwenzangu, huyo mtoto aliyeacha kucheza na kujibu darasani, usimhoji mbele ya wenzake wala ofisini penye fimbo mezani. Atakwambia "hamna kitu", basi. Mwombe akusaidie kubeba madaftari, muongee mkitembea. Anza na usingizi na chakula, ukikimbilia "nani amekuudhi?" anajifunga.

Usimwahidi siri, tafadhali. Akitaja kupigwa, kuguswa vibaya au kutaka kufa, itakubidi useme, naye akiona umemgeuka hatafungua mdomo tena. Mweleze hivyo mapema. Mambo hayo mfikishie mwalimu wa unasihi siku hiyohiyo, au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure Tanzania na Kenya. Mzazi usimpigie kabla hujajua kama tatizo liko nyumbani. Andika maneno yake mwenyewe, na tarehe.