Kubalehe mapema na saratani ya korodani

Umeuliza kama kijana aliyebalehe na miaka 10 yuko hatarini zaidi. Kwa hilo pekee, usikose usingizi. Tafiti zinaonyesha waliochelewa kubalehe hatari yao hupungua kidogo. Kwa waliowahi, ongezeko halionekani wazi. Chembe mbovu huaminika kuanza tangu tumboni mwa mama, zikalala, kisha homoni za balehe zikaziamsha. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi vijana wa miaka 15 hadi 40.

Swali zito ni hili: korodani zote mbili zilishuka kutoka tumboni hadi kwenye mfuko wake? Uswidi walifuatilia wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kushusha korodani. Waliopasuliwa kabla ya miaka 13 hatari ilikuwa kama mara 2 ya watu wengine; waliochelewa kupasuliwa, zaidi ya mara 5. Siku hizi upasuaji hufanywa kati ya miezi 6 na 18, kwa hiyo usikubali kuambiwa "itashuka tu".

Akishabalehe, ajikague kila mwezi baada ya kuoga maji ya moto: aviringishe kila korodani kati ya gumba na vidole. Kamba laini nyuma ni kawaida. Kivimbe kigumu, hata kisichouma, apigwe ultrasaundi wiki hiyohiyo.