Mwanao kaingia darasa la saba? Weka pepa pembeni, fungua daftari la makosa

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, na shule yangu iliishia darasa la saba. Natanguliza hilo usije ukadhani unasoma maneno ya mwalimu wa Hisabati. Nilichonacho ni watoto wawili niliowafikisha kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Wa kwanza, mvulana, alienda tuisheni mwaka mzima, tukamnunulia rundo la pepa za nyuma, na Hisabati ikamshinda. Wa pili, binti, hakwenda tuisheni hata siku moja, na Hisabati ndiyo iliyombeba. Usiseme binti ana akili zaidi, maana kaka yake ndiye anayenipigia hesabu za vitambaa mpaka leo. Kwa yule wa kwanza nilikuwa nahesabu pepa. Kwa huyu wa pili nikahesabu makosa.

Kila jioni kijana alikuwa ananiambia, "Mama, leo nimemaliza pepa mbili." Mimi nachungulia juu: 22 kati ya 45. Wiki ijayo 24, wiki inayofuata 21. Namwambia aongeze bidii, narudi kwenye cherehani. Hakuna aliyewahi kumuuliza yale 23 aliyokosa ni yapi. Nilipokuja kuyafungua yale madaftari, mtihani umeshapita, nikakuta ni yale yale, sehemu na mafumbo, pepa baada ya pepa. Alikuwa anafanya mazoezi ya kukosea.

Kwa hiyo ukianza leo, chukua pepa moja tu. Mpe saa mbili, bila kikokotozi, simu iwe mbali, asikae karibu na mkubwa wake. Sahihisha. Hizo nyingine zifungie kabatini mwezi mzima. Sasa kaa naye, swali moja baada ya jingine, umuulize, "Hapa ulifanyaje?" Muulize hata kwa machache aliyopata, kwa sababu kwenye maswali ya kuchagua mtoto anaweza kuotea herufi, na wewe ukaandika tiki ya furaha mahali asipojua chochote. Huhitaji kujua jibu ili kuuliza hivyo. Mara nyingi binti yangu alikuwa anaanza kunieleza, anafika katikati, ananyamaza, halafu anasema, "Aaa, kumbe." Mimi nilikuwa napiga pindo tu.

Yale aliyokosa yaingie kwenye daftari lake peke yake. Kila kosa ukurasa wake: swali, alichofanya, kilichotakiwa. Pembeni mwandike ni kosa la aina gani. Lipo asilolijua kabisa. Lipo alilolijua akateleza. Na lipo ambalo hesabu anaiweza ila hakuelewa swali linataka nini. Ni lazima kuyatenganisha, maana dawa zake hazifanani. Aliyeteleza hahitaji kufundishwa upya, na asiyejua hasaidiwi na kuambiwa awe makini.

Utakachokigundua, na mimi kilinishangaza, ni kwamba makosa mengi si ya darasa la saba. Ni mashimo ya darasa la nne na la tano yaliyofunikwa. Binti yangu alikuwa anaandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano: anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nikachukua chapati. Nikamwambia, umekula nusu, nimekuongeza theluthi nyingine, sasa unaniambia umekula chini ya nusu? Maana mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Akacheka, na siku hiyo ndiyo akaelewa kwa nini mwalimu alikuwa anahangaika na KDS ya asili, yaani kigawe kidogo cha shirika cha zile namba za chini. Asili lazima zilingane kwanza, ipatikane tatu ya sita na mbili ya sita, jumla tano ya sita.

Lingine ni MAGAZIJUTO. Kila mtoto anaiimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tatizo liko kwenye ile JUTO. Mpe mwanao 20 − 8 + 5 uone. Wengi watajumlisha 8 na 5 kwanza kwa sababu "JU inatangulia TO", wapate 13, watoe kwenye 20, waandike 7. Jibu ni 17. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unakwenda kutoka kushoto. Mimi namwambia ni pesa ya mkononi: nilikuwa na elfu ishirini, nimetoa elfu nane, mteja kanilipa elfu tano, nina ngapi? Hakuna mtoto anayekosea akiulizwa hivyo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo mtoto wangu wa kwanza alipoangukia. Watunga maswali hawaweki majibu ya uongo ovyo ovyo. Wanajua watoto wanakosea wapi, na kosa lenyewe wanaliweka kwenye machaguo. Nimenunua kitenge sh 12,000, nimekiuza sh 15,000, faida ni asilimia ngapi? Faida ni 3,000, inagawanywa kwa bei ya kununulia, inakuja asilimia 25. Mtoto anayegawanya kwa bei ya kuuzia anapata 20, anaangalia kwenye machaguo, anaikuta 20 imekaa pale, anaweka kivuli kwenye herufi yake kwa amani kabisa. Au umbo la nusu duara lenye kipenyo sm 14, tafuta mzingo. Anachukua nusu ya 22/7 mara 14, anapata 22, na 22 ipo. Binti yangu alilikosa hilo mara mbili. Nikamkatia kitambaa cha nusu duara nikampa lesi ya sentimita 22 azungushie. Ikaishia kwenye kona, upande ulionyooka uko wazi. "Bado sentimita 14, mama." Basi mzingo ni 36. Mwanao aelewe kwamba kulikuta jibu lake kati ya herufi hizo si ushahidi wa chochote.

Muda nao una mtego wake. Kutoka saa 2:45 hadi saa 4:20 ni muda gani? Anatoa kama namba za kawaida, anakopa mia, anakuja na saa 1 dakika 75. Hapo unakopa dakika 60, inabaki saa 1 dakika 35. Sisi mafundi tuna shida hiyo hiyo kwa inchi na futi, kwa hiyo sikumlaumu sana.

Mafumbo ni suala la kusoma kabla halijawa suala la hesabu. "Mwanaidi ana maembe 12 zaidi ya Juma. Wote wawili wana maembe 40. Juma ana mangapi?" Mtoto anaona 40, anaona 12, anaona neno "zaidi", anatoa, anaandika 28. Tulichofanya sisi ni kukataza kalamu. Anasoma, anafunika swali kwa mkono, ananisimulia kwa maneno yake nani ana nini na wanataka kujua nini. Akishindwa kusimulia, anasoma tena. Akishamaliza kupiga hesabu anarudisha jibu kwenye hadithi: Juma akiwa na 28, Mwanaidi ana 40, tayari wamezidi. Akitumia 14, Mwanaidi anakuwa na 26, jumla 40, imekaa. Dakika tano kwa fumbo moja mwanzoni, usiogope. Mwendo unakuja wenyewe.

Tebo zisiimbwe kwa mpangilio. Muulize saba mara nane wakati anakuna nazi, kisha mgeuzie: 56 ni ngapi mara ngapi? Bila hilo la pili, kurahisisha sehemu na kutafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) vitamchosha.

Kama hesabu zenyewe zinakupita kimo, kuna kitu niliambiwa kwa kuchelewa sana. Baraza la Mitihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na iko kwenye tovuti yao bure. Inaeleza kila swali lilipima nini, waliochagua herufi fulani walifikiri nini, na njia sahihi ni ipi. Nilichapisha ya Hisabati stesheneri, na pesa yake ilikuwa ndogo kuliko ya tuisheni ya wiki.

Tuisheni siipingi. Ila chumba chenye watoto sitini jioni ni darasa lingine tu la kunakili ubaoni. Kabla hujalipa, nenda shuleni na lile daftari, umwonyeshe mwalimu kurasa tano ambazo hamjaziweza nyumbani. Nilipokuwa naenda mikono mitupu kuuliza "Mwanangu anaendeleaje?", nilijibiwa "Ajitahidi". Nilipokwenda na daftari, mwalimu alivuta kiti.

Na fimbo iache. Yule wa kwanza nilimchapa siku moja kwa ajili ya desimali. Kuanzia hapo akawa ananionyesha zile pepa alizofanya vizuri tu, na mimi nikafurahi kwamba anapanda.

Ikibaki miezi miwili hivi kufika Septemba, mwezi wa mtihani, zitoe zile pepa kabatini, sasa kwa saa. Mwaka wa binti yangu maswali yalikuwa 45 kwa saa mbili, 40 ya kuchagua na matano ya kuandika, kwa hiyo kila swali lina dakika mbili na nusu na chenji. Apite kwanza kwenye mepesi, magumu ayarudie. Hapo kuna hatari moja: akiruka swali la 17, kivuli cha 18 kisije kikaingia kwenye mstari wa 17 wa fomu ya OMR, ile ya majibu inayosomwa na mashine, maana vyote vinavyofuata vitahama. Binti yangu alizoea kuweka kidole cha kushoto kwenye namba ya swali kabla penseli haijagusa fomu. Na kwenye yale matano ya mwisho aonyeshe njia, hata kama jibu analiona kichwani.

Wiki ya mwisho hatukufungua pepa mpya. Alikuwa anapitia daftari la makosa, ukurasa anaouweza anaukunja kona. Usiku wa kuamkia mtihani kurasa nne zilikuwa hazijakunjwa, tukaziacha hivyo hivyo. Akaniuliza kama nimemchongea penseli. Nilikuwa nimechonga tatu, zote HB, na kifutio kipya nikakipasua vipande viwili, kimoja cha akiba.