Ukisikia taa imeonekana juu ya ziwa, anza na saa

Tangu watu wa Kigoma wajue kwamba mimi na wenzangu kadhaa tunafuatilia habari za taa na vitu vya ajabu angani, simu hazikatiki. Mara Kibirizi kuna mwanga umefuata mtumbwi, mara Ujiji imepita treni ya taa bila sauti. Vijana wengi wananiuliza nao waanzeje, na swali la kwanza huwa ni darubini gani wanunue. Darubini weka pembeni. Kazi hii inataka daftari, kalamu na miguu, na sehemu kubwa ni kumsikiliza mtu aliyeona.

Usimuulize aliona nini kabla hujajua ilikuwa saa ngapi. Kwetu saa ina mitego. Shahidi anasema "saa tatu usiku", mpwawe anaandika 3:00 kwenye meseji, ikimfikia mtu wa tatu tayari ni saa tisa. Mtego mwingine uko majini: Burundi na ng'ambo ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyonasa mnara wa upande wa pili inaweza kujirudisha saa bila mwenyewe kujua. Mvuvi aliyetazama simu katikati ya ziwa na mkewe aliyetazama saa ya ukutani wanaweza kusimulia jambo moja ukadhani ni mawili. Na saa moja si kidogo, kwa sababu ndani yake nyota huhama nyuzi 15 angani. Kwa hiyo uliza kwa matukio. Adhana ya Isha ilikuwa imeshatoka? Taarifa ya habari ya saa mbili je? Magharibi bado kulikuwa na wekundu? Kumbuka pia kwamba jua la Kigoma linazama karibu saa moja, kwa hiyo "jioni" ya mtu wa huku si ile ya mtu wa Dar.

Ukishapata saa, nenda mahali penyewe, usimame aliposimama yeye. Mwambie anyooshe mkono aelekeze. Ngumi kwenye mkono ulionyooka ni kama nyuzi 10, kidole cha mwisho ni kama nyuzi moja, na mwezi mpevu ni nusu ya hapo. Akisema kitu kilikuwa kikubwa kama sinia, muulize kama kidole chake kingekifunika. Mara nyingi atanyamaza kidogo, kisha aseme kingekifunika. Mita na kilomita usiandike kabisa: usiku hakuna anayeweza kukisia umbali wa taa asiyoijua, awe rubani au nahodha. Dira ya simu usiiamini karibu na mabati au injini. Shika alama za kudumu: kilele fulani cha milima ya Kongo, mnara wa simu, mwembe wa jirani.

Hapo ndipo unafungua Stellarium, programu ya bure inayokuonyesha anga la mahali popote kwa tarehe na saa unayotaka. Sisi tunaoishi ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika tunalitazama jua likizama ng'ambo ya maji, na sayari ya Zuhura ikiwa nyota ya jioni inaning'inia hapo hapo. Haiwezi kwenda mbali na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, kwa hiyo baada ya saa chache nayo inashuka nyuma ya milima. Ikikaribia kuzama inapepesa wekundu na kijani kwa sababu ya hewa nzito. Ukipiga kasia inakufuata, ukisimama inasimama, maana iko mbali mno. Halafu watu wanasema imetua Kongo.

Mzee mmoja wa Kibirizi alinisimulia hivyo hivyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya ule ungo?"

Sikubishana naye juu ya ungo. Nilimwomba auchore mchangani kwa ncha ya kasia, akachora duara lenye miali minne. Nikamuuliza kama kesho yake alitoka tena kwenda majini.

"Nilitoka. Ulikuwepo. Na keshokutwa yake pia." Akafikiri kidogo. "Basi huyo mchawi ana ratiba."

Swali la "kesho yake je?" limenifaa kuliko kifaa chochote. Lakini angalia mpangilio: mkwewe alikuwa anakuja na maelezo yake kwamba ni kazi ya jini, nikamwomba atusubiri. Kila shahidi ahojiwe peke yake, achore peke yake, na asisikie neno lolote kutoka kwako, iwe chombo, ungo au setelaiti. Tukio mashuhuri zaidi la Afrika lina doa hilo. Tarehe 16 Septemba 1994 watoto wapatao 60 wa shule moja ya Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wa shule. Siku mbili kabla, roketi iliyokuwa ikirudi ardhini ilikuwa imeng'ara juu ya kusini mwa Afrika, na gumzo lilikuwa limeenea. Michoro ya watoto ipo hadi leo, lakini wengi walihojiwa kwa vikundi, mmoja akimsikia mwenzake. Sidai walidanganya. Nasema tu kwamba kilichoharibika pale hakitengenezeki tena.

Ile treni ya taa ni rahisi: setelaiti za intaneti za Starlink, zikiwa bado zimefuatana siku chache baada ya kurushwa. Kundi la kwanza la 60 lilipanda Mei 2019 na kuwashtua watu Uholanzi usiku uliofuata. Zinaonekana muda mfupi baada ya giza kuingia au kabla ya alfajiri, na zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinazimika moja moja katikati ya anga. Kituo cha anga za juu, kinachozunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, huzimika vivyo hivyo. Radi za mbali upande wa Kongo nazo humulika usiku kucha bila ngurumo, kwa kuwa ngurumo haivuki kilomita 20 au zaidi kidogo.

Taa za dagaa ndizo zinazotaka ujuzi wa hapa, na hapa hakuna mtaalamu wa Ulaya atakayemshinda mtoto wa Kigoma. Usiku wa giza ziwa linajaa taa, zamani karabai, siku hizi za sola na betri. Kukiwa na ukungu, au moshi wa kuchoma mashamba mwezi wa nane na wa tisa, mstari wa maji na anga unapotea, na taa za mbali zinaonekana zimetundikwa hewani. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mtu akikuletea taa za ziwani wakati mwezi ni mpevu, kaa chini umsikilize vizuri zaidi.

Wapo wapelelezi ambao raha yao ni kumaliza kesi kabla chai haijapoa. Hao sifanyi nao kazi. J. Allen Hynek, mwanafalaki aliyelishauri Jeshi la Anga la Marekani kwa miaka mingi, mwaka 1966 alisema taa za Michigan huenda zilikuwa gesi ya kinamasi, akachekwa nchi nzima. Mradi wa jeshi hilo wa kuchunguza taarifa za vitu vya ajabu angani, Blue Book, ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na taarifa 12,618, na 701 ziliandikwa hazijatambuliwa. "Haijatambuliwa" ni jibu halali. Haimaanishi wageni kutoka sayari nyingine, na haimaanishi shahidi alikuwa amelewa.

Picha na video: omba faili halisi, litumwe WhatsApp kama hati, kwa sababu likitumwa kama picha linabanwa na taarifa zake za ndani zinafutika. Nukta iliyovutwa kwa zoom ya simu hugeuka sahani au almasi kwa sababu lenzi imekosa shabaha.

Kitu kikianguka ardhini, usikiguse. Mwite mwenyekiti wa kijiji na polisi. Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, na wakala wa anga wa huko ukasema ni kipande cha roketi.

Sisi bado tuna faili moja la Katonga: Julai mwaka jana, mwezi mpevu, taa mbili za manjano zilizopanda taratibu kutoka upande wa maji kisha zikaachana. Tumeshaondoa Zuhura, setelaiti na wavuvi. Droni bado tunaulizia. Kama nawe ulikuwa ufukweni usiku ule, niandikie, lakini andika kabla hujazungumza na jirani.