Re: Dawa za sonona zimeniua mashairi, niache?

Salamu ndugu. Nilivyokuelewa: umeanza amitriptilini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), wiki ya pili sasa, huandiki kitu, na unataka kuacha ili mashairi yarudi, maana unaona huzuni ndiyo inayotunga.

Kwanza angalia saa unayoimeza. Amitriptilini inaleta usingizi mzito. Ukiimeza saa sita usiku na wewe ni mwandishi wa alfajiri, utadhani kipaji kimehama kumbe ni kichwa tu hakijaamka. Mwombe daktari akupangie saa ya mapema, au aangalie kipimo cha dawa. Usikate ghafla, mwili utasumbuka. Na wiki mbili bado mapema: kinywa kikavu na usingizi huwahi kuja, nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa.

Halafu hili watu hulificha: umewahi kuwa na siku huhitaji kulala, mistari inamiminika, pesa unazitapanya? Mweleze daktari mapema kabisa. Huenda si sonona pekee, bali ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka (bipolar), na dawa hiyo ikitumika peke yake inaweza kukupandisha hisia kupita kiasi.

Kwamba huzuni ndiyo inayotunga, kwangu hapana. Naishi na sonona miaka mingi, na nikiwa chini kabisa hata orodha ya sokoni inanishinda. Mashairi yangu ya huzuni niliyaandika nikishapata nafuu. Siku mbaya nasahihisha vina na mizani za rasimu za zamani, basi.

Mawazo ya kujidhuru yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza. Usingoje tarehe ya kliniki.