Madogo wa mazingira, acheni kupika BOD

Wiki hii nimesoma ripoti ya madogo wa mwaka wa 3 waliokuja kwetu fildi, nikafika kwenye jedwali la majitaka nakuta BOD (oksijeni wanayotumia bakteria kula uchafu kwenye maji) iko juu ya COD (oksijeni inayotakiwa kuuchoma uchafu huo kwa kemikali), sampuli ile ile moja, na chini wameandika eti bwawa la kusafisha majitaka linafanya kazi vizuri. Nimekaa nao tukaongea. Ila najua mko wengi huko vyuoni mnaofanya hivyo hivyo muda huu, kwa hiyo naandika.

1. Shika bureti mwenyewe. Kundi lina watu kumi, mmoja anafanya titresheni, wawili wanaandika, waliobaki wanasubiri desa la mwaka jana, halafu sapu ikija mnasema lekchara ana roho mbaya.

2. Hili ndio hasa lililoniuma. Projekti yetu ya mwisho ilikuwa ya mabwawa ya majitaka. Sampuli tulichukua vizuri tu, za kuingilia na za kutokea, na barafu kwenye kulboksi. Kufika maabara tukajaza majitaka mabichi moja kwa moja kwenye chupa za mililita 300, bila kuyachanganya na maji ya dailusheni, yaani maji safi yenye oksijeni ya kuyazimua. Sasa maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 hivi kwa lita, na majitaka ya majumbani yanataka mamia! Siku 5 zilipoisha tukapima, oksijeni sifuri, chupa zote. Hapo dedilaini imefika, inkubeta, lile kabati la kutunzia chupa hizo siku 5, ina foleni, na laptopu ilikuwa mikononi mwangu. Nikaandika namba. Ya kutokea nikaweka 28 kwa sababu kikomo cha TBS, shirika la viwango Tanzania, ni 30, ya kuingilia nikaweka kubwa ili bwawa lionekane limesafisha, na kundi zima likakubali. COD tulikuwa tumeipima kweli, na BOD yangu ya kutunga ikawa imeipita.

Supavaiza wetu hakufoka. Aliweka kalamu kati ya zile kolamu mbili akauliza, "Bakteria wamekula nini hapa ambacho daikromati imeshindwa kukichoma?" Hakuna aliyejibu, maana jibu tulilijua tangu mwaka wa 2: COD inatumia daikromati, kemikali inayochoma karibu kila kitu, BOD ni kile tu wadudu wanachoweza kula, haiwezi kuwa kubwa zaidi. Projekti ikarudishwa yote. Wenzetu wanavaa majoho, sisi tuko bwawani na ndoo, na nyumbani mama anauliza mahafali ni lini, unamwambiaje? Lakini kilichonikosesha usingizi ni kwamba yale maji yakitoka pale yanapita kwenye bustani za mchicha, watu wanamwagilia, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeandika kwamba ni masafi.

Kwa hiyo fanyeni dailusheni kadhaa kwa kila sampuli. Inayofaa ni ile iliyotumia angalau miligramu 2 za oksijeni kwa lita na kubakiza angalau 1. Zikigoma zote, andika kwamba zimegoma na ueleze kwa nini. Ripoti ya hivyo unaitetea mbele ya yeyote, ya kupika huwezi.

3. EPANET, programu ya kompyuta ya mitandao ya mabomba ya maji, ni ya bure, jifunzeni kabla ya fildi, sio ukiwa fildi.

4. Logbuku jaza kila jioni. Ukisajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) ukaingia SEAP (mafunzo yao ya kazini kwa wahandisi wahitimu) ni miaka 3 ya kuandika ripoti, uzoee mapema.

5. Waheshimuni wazee wa mabwawani. Mnafika na helmeti mpya mnampita mzee kama hamjamwona, wakati yeye anajua lile bwawa kuliko slaidi zenu. Mimi mmoja aliniambia, mwanangu, likiwa kijani limeshiba mwani, liko salama, ukiona linaanza kuwa la pinki au zambarau ujue limebebeshwa uchafu kupita uwezo wake. Baadaye nikaja kusoma kwamba ni kweli kabisa, ni bakteria wa salfa, wanashamiri bwawa likizidiwa. Msalimieni, muulizeni malori ya kunyonya vyoo yanakuja saa ngapi, ndio mtajua saa ya kuchukua sampuli.

6. Kachomeni chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini kabla ya kugusa majitaka, msisubiri chuo kiwakumbushe, na glavu za kazi hii ni zile ndefu.