Viti vyenye joto, turubai na utani wa wenye magari ya porini

Ndugu, umeuliza kama viti na usukani vyenye joto vinalivunjia heshima gari la porini, baada ya wenzako wenye Land Rover kukucheka kwa kuwa Jeep Wrangler yako inavyo. Nimeendesha Wrangler yenye paa la turubai misimu mingi ya theluji, na kwa maoni yangu vifaa hivyo vina kazi kubwa zaidi katika gari kama letu kuliko katika gari lolote la kawaida la barabarani.

Hita ya kawaida hutegemea maji yanayopoza injini, hivyo mpaka maji hayo yapate moto, kinachopulizwa ndani ni baridi tupu. Injini za dizeli huchelewa zaidi kwa sababu hazipotezi joto jingi, na turubai nalo halihifadhi hata hicho kidogo kinachopatikana. Nyaya zilizomo ndani ya kiti hutumia umeme moja kwa moja, na kwa hiyo mgongo hupata joto wakati mshale wa joto la injini ungali chini kabisa. Kuhusu usukani nina msimamo mkali zaidi: matairi ya mbele yakianza kuteleza juu ya barafu, usukani huwa mwepesi ghafla, na wepesi huo hausikiki vizuri kupitia glavu nene. Usukani ukiwa na joto, glavu naziweka pembeni.

Hata hivyo, hita yako ikitoa hewa vuguvugu hata baada ya mwendo mrefu, kagua kwanza thamostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kupozwa mpaka injini ipate joto, kabla ya kununua chochote, kwa maana ikikwama wazi injini haifikii joto lake. Betri nayo, ukiinunua, itazame kwa namba ya nguvu ya kuwashia katika baridi, ambayo hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukubwa wa betri kwa macho hausemi lolote.

Sasa tuje kwenye utani, ambao katika kundi letu haupoi hata theluji ikifika magotini. Wenye Land Rover wana hoja mbili ambazo sina budi kuzikubali. Baadhi ya magari yao yana kioo cha mbele chenye nyaya nyembamba zinazoyeyusha barafu, na mimi nikiwa bado nakwaruza changu, mwenzangu ameshafunga mkanda na kupiga honi ya kejeli. Pili, tangu Land Rover One Ten ya 1983, ukoo wa magari yao ya Defender huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Wrangler yangu ni ya kuchagua kwa wenzo: barabara ikiwa na barafu hapa na lami kavu pale, ni lazima nirudi kwenye magurudumu mawili, la sivyo ekseli ya mbele na ya nyuma hushindana kwenye kona na mfumo mzima hukaza.

Jibu langu kwao ni la historia. Gari la kwanza la majaribio la Land Rover, la 1947, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, na katika Land Rover za mwanzo hita ilikuwa kifaa cha kulipiwa kando. Wenye Land Cruiser hucheka pembeni, mpaka wakumbushwe kwamba Toyota BJ ya 1951, babu wa gari lao, nayo ilifuata umbo la jeep ya vita. Gari la yeyote likinasa, maneno husimama, kamba hutolewa, na kejeli huanza upya pale tu matairi yanapogusa ardhi ngumu.

Kwa hiyo viache viti vyako. Fedha ulizotaka kutumia kuwanyamazisha zipeleke kwenye matairi ya baridi, kwa kuwa mpira wa kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, na kuvuta kwa magurudumu manne hakukusaidii kusimama. Upepo nao upime asubuhi, matairi yakiwa baridi.